Betri Nayo Huvuta Pumzi

Akheri, Meru

Jumanne, 20 Agosti

Gari lenye betri kubwa likiwasha taa nyekundu, kosa la watu wengi ni kuuliza betri mpya inauzwa wapi, kabla ya kuuliza hii iliyomo inasumbuliwa na nini. Nimefundisha fizikia miaka thelathini na minne, na leo nusura nifanye kosa hilohilo.

Tulikuwa tunarudi kutoka mjini. Tulipoiacha barabara kuu Tengeru na kuanza kupanda kuja huku, pembetatu nyekundu ikawaka kwenye dashibodi mbele yangu, na gari likawa zito kana kwamba limefungiwa gogo nyuma. Nikasimama, nikazima, nikasubiri robo saa, nikawasha. Taa haikurudi. Tukafika nyumbani saa tisa na nusu.

Naandika kwa kuwa mambo ya namna hii yakiachwa kichwani huchanganyika. Gari ni dogo, la mwaka 2009, lilitoka Japani likiwa limeshatumika, na ni la aina inayotumia petroli na umeme kwa pamoja. Lina betri mbili. Ile ndogo kazi yake ni kuamsha mitambo. Ile kubwa imefichwa nyuma ya kiti cha nyuma, nayo husaidiana na injini kulisukuma gari, hasa mlimani. Sisi tunaishi mlimani.

Kwa sasa hatuna njia nyingine. Magdalena, mke wangu, alifanyiwa upasuaji wa nyonga mwezi wa saba. Kila Jumanne na Ijumaa, hadi katikati ya Oktoba, ni lazima afike mjini kwa mazoezi ya viungo. Magreth, mtaalamu anayemsimamia, alitwambia bila kuzunguka: "Akianza kukosakosa, nyonga itakakamaa, na hiyo fremu anayotembelea hataiacha tena." Pikipiki amekatazwa. Bajaji, kwa mashimo ya huku kwetu, ni kumrudisha chumba cha upasuaji. Kwa hiyo hukaa kiti cha nyuma, mguu ameunyoosha, mto ameuweka ubavuni, chini yake vitambaa alivyofumiwa na akina mama wa usharika siku alipotoka hospitali. Vimefunika viti vyote, kutoka juu hadi pembeni, maua ya njano na bluu. Ukichungulia dirishani utadhani ni sebule.

Anachokitaka ni kimoja. Jumapili ya Mavuno, tarehe 13 Oktoba, abebe kikapu chake cha kahawa hadi madhabahuni kwa miguu yake mwenyewe, kama alivyofanya kila mwaka tangu nimuoe.

Jumatano, 21 Agosti

Nimepeleka magunia mawili ya kahawa kavu kwenye ghala la ushirika. Gari halikulalamika hata kidogo.

Ijumaa, 23 Agosti

Kwenda salama, baridi na ukungu mpaka Tengeru. Kurudi saa nane, taa ileile, karibu palepale.

Jumamosi, 24 Agosti

Nimekwenda gereji moja Sokon I. Fundi akachomeka mashine yake ya kupimia chini ya usukani, akaisoma, wala hakulizunguka gari.

"Betri kubwa imekufa, mzee. Hapo hakuna stori. Tunaweka nyingine, kesho jioni unaondoka."

"Imekufa kwa sababu gani?"

"Imezeeka tu. Si kama binadamu?"

Bei aliyonitajia inakaribia ile niliyonunulia gari zima. Nikamshukuru nikaondoka. Mimi mwenyewe ni mzee, na sijapenda kusikia kwamba uzee ni maelezo ya kutosha.

Jumatatu, 26 Agosti

Nimeipata! Nilitoa mita yangu ya umeme ya tangu enzi za maabara, nikaipima betri ndogo baada ya gari kulala usiku kucha. Ilisoma volti kumi na moja na nukta nane. Betri nzima iliyopumzika husoma kumi na mbili na nusu na zaidi. Betri hiyo ikidhoofika, kompyuta za gari huchanganyikiwa na kuwasha taa zisizohusika. Nimenunua mpya na kuifunga mwenyewe. Nimebadilisha na maji ya rejeta pia, maana yaliyotoka yalikuwa na rangi ya chai.

Jumanne, 27 Agosti

Mawingu na manyunyu kutwa. Kwenda na kurudi bila taa. Jirani yangu Loishiye alikuwa getini kwake tunapita, nikateremsha kioo nikamweleza kazi ya betri ndogo, kwa kirefu. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Basi Mwalimu, sina bahati," akasema. "Nilikuwa nimeshalipima gari lako liwe banda. Kuku ishirini wangeenea humo bila shida, na vitambaa tayari wanavyo."

Magdalena alicheka hadi akaishika nyonga. Mimi sikuona cha kuchekesha.

Ijumaa, 30 Agosti

Jua kali. Taa imewaka tena, na safari hii mapema zaidi.

Njiani Magdalena alisema, "Baba Penina, kuna mtu anakoroma huku nyuma." Nikamwambia ni matairi juu ya changarawe. Baadaye akasema kiti kinachemka mgongoni. Nikamweleza jinsi kioo kinavyopitisha mwanga wa jua na kuzuia joto kutoka. Nilieleza kuanzia mjini hadi Tengeru. Alipokaa kimya nikadhani ameelewa.

Jumapili, 1 Septemba

Nimechora jedwali. Safari za ghalani, nane: taa hakuna. Kanisani, mbili: hakuna. Mjini kwenye mazoezi, nne: taa mara tatu. Loishiye amelitazama jedwali langu akasema, "Gari lako limeokoka, Mwalimu. Lina siku zake za kufunga, Jumanne na Ijumaa." Nadhani ni joto la mchana na urefu wa safari. Kesho nitapakia mawe butini niende mjini peke yangu saa nane, nione.

Jumatatu, 2 Septemba

Mawe, jua, saa nane, mlima wote. Hakuna taa. Sielewi.

Jumanne, 3 Septemba

Siku mbaya.

Tulitoka kwenye mazoezi saa saba. Magreth alikuwa amefurahi, Magdalena amepiga hatua sita bila kushika kitu. Mjini kulikuwa na foleni, joto limetanda juu ya lami, na mkoromo wa nyuma ulianza hata hatujatoka Kijenge. Tulipoanza kupanda, taa ikawaka, ikafuatwa na ya pili na ya tatu, kisha gari likakataa kabisa. Si kuwa zito, lilikataa. Nililiacha liserereke kinyumenyume hadi ukingoni, nikaweka jiwe nyuma ya gurudumu.

Nilisubiri robo saa kama kawaida. Halikuwaka. Nusu saa. Halikuwaka. Hapakuwa na kivuli, na ndani ya gari kulikuwa kama tanuri. Nilimtoa Magdalena, nikamketisha juu ya jiwe na mto wake, nikampigia simu Loishiye. Alifika na pikapu yake haraka kuliko nilivyotarajia, bado ana matope ya shambani miguuni, wala hakutania hata neno moja.

Tatizo likawa pikapu. Ngazi yake iko juu ya goti. Magdalena haruhusiwi kukunja mguu zaidi ya kimo cha kiti. Tulijaribu kumnyanyua, mimi huku na Loishiye kule, akapiga ukelele ambao sijausikia tangu azae Penina. Tukamshusha.

"Niacheni," akasema. "Nitatembea."

"Mama Penina, ni karibu nusu kilomita, mlima mtupu."

"Nimeshaiona, sijapofuka. Nipe fremu."

Alitembea. Hatua, pumzi, hatua, pumzi. Loishiye aliendesha pikapu nyuma yetu polepole, taa za hatari zikiwaka, akiwazuia wenye pikipiki wasimpitie karibu. Mimi nilikuwa kando yake na mwavuli. Ilituchukua saa nzima na dakika kumi.

Jioni mguu umevimba. Loishiye amelivuta gari hadi uani kwangu kwa kamba. Alipokuwa anafungua kamba alisema kwa sauti ya chini, "Mwalimu, yale ya kuku nilikuwa natania tu." Nimeishi naye uzio kwa uzio miaka ishirini na nilikuwa namhesabu kuwa mtu wa mzaha tu.

Ijumaa, 6 Septemba

Hatukwenda. Magreth kapiga simu: uvimbe upozwe, lakini Jumanne asikose. "Wiki mbili zikipita, Mwalimu, tunaanza upya, na sidhani kama tutafika tulikokuwa tunakwenda."

Jumamosi, 7 Septemba

Gari limewaka asubuhi kama vile halijawahi kufanya kosa lolote. Loishiye amenielekeza kwa fundi wa Kijenge aitwaye Mikidadi. Nilimkuta mzee wa rika langu, kofia kichwani, anakunywa kahawa chungu. Hakushika spana. Alifungua mlango, akaketi kiti cha nyuma, na akakaa humo dakika ishirini. Nilidhani amelala. Moyoni nikamwita mvivu; naliandika kwa sababu ndivyo nilivyofikiri.

Nilimpa jedwali langu. Alilisoma lote kwa heshima.

"Kazi nzuri hii, Mwalimu. Umeandika jua, mzigo, saa na mlima. Mbona hukuandika abiria?"

"Abiria ni mke wangu. Ana kilo hamsini na nane. Niliweka mawe zaidi ya hapo."

"Na hayo mawe uliyakalisha hapa nilipo?"

"Butini."

Akatikisa kichwa taratibu. "Jumanne niletee gari kama linavyokuwa Jumanne. Na mama, na mto wake, na vitambaa vyake. Usipunguze kitu. Ukiniletea gari lisilo na mgonjwa wake, nitapima nini?"

Jumanne, 10 Septemba

Nitajaribu kuandika kwa utaratibu, ingawa mkono unataka kukimbia.

Mikidadi alitusubiri nje ya mazoezi. Alikuwa na binti yake Salwa, fundi umeme wa magari aliyesomea chuo cha ufundi na ndiye anayeendesha nusu ya gereji ile. "Shikamoo babu, shikamoo bibi," akasema, akaingia nyuma na kuketi kando ya Magdalena akiwa na kifaa kidogo cha kusoma joto la betri kubwa. Mikidadi akakaa mbele kwangu.

Kuondoka, Salwa alisoma nyuzi thelathini na saba. Kutoka mjini, arobaini na nne. Mkoromo ukaanza.

"Huyo anayekoroma ni feni ya betri," akasema Salwa. "Anatafuta hewa haipati."

Tengeru, hamsini na moja. "Babu, simama hapa, usipande."

Nikasimama. Salwa akasema, "Bibi, naomba niusogeze huo mto kidogo." Aliutoa mto ubavuni mwa Magdalena, akapenyeza mkono chini ya vitambaa, pembeni mwa kiti karibu na mlango, akavifunua. Pale palikuwa na tundu lenye vipasuo vyembamba, kubwa kama kiganja. Nimelimiliki gari hili miaka sita. Sikuwahi kulijua.

Akachana kipande cha karatasi laini, akakiweka mbele ya tundu. Karatasi ilitikisika kwa unyonge, ikaanguka.

"Betri nayo huvuta pumzi," akasema Mikidadi. "Hewa inaingia hapo, feni inaivuta, inapita kwenye betri, inatoka nje na joto. Kitambaa kimeziba nusu, mto umemaliza. Ndiyo maana mama akipanda tu, gari linaugua."

Nilitazama mbele. Joto huondolewa na hewa inayopita. Hewa isipopita, joto hukaa. Nimeliandika ubaoni kwa chaki miaka thelathini na minne.

Magdalena akanigusa bega. "Baba Penina, si nilikwambia kiti kinachemka? Ukanieleza habari za kioo."

"Mwalimu," Mikidadi akasema, akijizuia kucheka, "umelipima jua, umeyapima mawe. Umeuliza kila kitu isipokuwa anayekaa hapa."

"Namwomba radhi," nikasema, "mbele ya mashahidi."

"Liandikwe hilo," akasema Magdalena. Basi nimeliandika.

Tulifungua madirisha, tukahamishia mto upande wa pili, tukakunja vitambaa. Baada ya dakika ishirini, nyuzi arobaini na nne. Tukapanda hadi nyumbani. Taa hakuna.

Jumatano, 11 Septemba

Salwa alisema karatasi ilitikisika kwa unyonge mno, kwa hiyo feni yenyewe ina neno. Leo amelifungua gari pale gereji.

Naeleza ili msomaji asijaribu mwenyewe: betri hii ina volti zaidi ya mia mbili, na inaua. Salwa alivaa glavu nene za mpira, akachomoa plagi ya rangi ya chungwa inayoukata umeme, akaiweka mfukoni mwake asije mtu akairudisha, akasubiri dakika kumi kwa saa ya ukutani. Ndipo akagusa.

Feni ikatoka. Haikuonekana kama feni. Ilikuwa imevishwa koti la maganda membamba ya kahawa kavu, yale ya magunia ninayopeleka ghalani kila msimu, yamesokotana na nyuzi za njano na bluu. Miaka sita ya kahawa yangu na miezi miwili ya upendo wa akina mama. Salwa aliisafisha kwa brashi ya mswaki, akasugua na vipande vya shaba vinavyounganisha betri, vilivyokuwa na ukungu wa kijani. Kisha akapima vipande vyote ishirini na nane vya betri, kimoja kimoja, mimi nikiandika.

Vyote vinakaribiana. Kimoja kiko chini kidogo. "Huyu tutamwangalia," akasema. "Ila hii betri haijafa, babu. Ilikuwa inakabwa tu."

Akarudisha kila kitu, akawasha, akaweka karatasi. Ikanyonywa na kung'ang'ania tunduni kama imegundishwa. Nilipiga makofi. Mafundi wa jirani waligeuka.

Alhamisi, 12 Septemba

Jambo gumu limebaki: vitambaa. Kuvitoa ni kuwavunja moyo waliovifuma. Nilikuwa nafikiria namna ya kulieleza jambo hili kwa upole, nikaandaa maneno. Nashilu, mwenyekiti wa akina mama, alipokuja kumjulia hali Magdalena, nikaanza na historia ya betri.

Magdalena hakuningoja. Aliomba mkasi, akajikongoja hadi garini, akakata tundu katikati ya ua la bluu, Nashilu akiwa amesimama hapohapo.

"Nashilu, mwenzangu, mlikuwa mmeziba pua ya gari langu."

Nashilu aliangalia, akashika mdomo, kisha akaangua kicheko. "Yesu wangu! Na lile la mchungaji tulilifumia hivyohivyo!" Akafungua mkoba, akatoa sindano na uzi, na kabla chai haijaiva tundu lilikuwa limezungushiwa ukingo mzuri kuliko ua lenyewe.

Ijumaa, 13 Septemba

Kwenda na kurudi. Hakuna taa.

Jumanne, 17 Septemba

Kwenda na kurudi. Hakuna taa. Hatua kumi na nne.

Ijumaa, 20 Septemba

Hakuna taa. Magreth amemnyang'anya fremu kwa dakika tano.

Jumanne, 24 Septemba

Joto kali kuliko siku zote za msimu huu. Nyuma Magdalena na Nashilu, mbele mama mwingine wa usharika, butini mkungu wa ndizi. Salwa alinifundisha kusoma joto: nyuzi thelathini na tisa pale tulipokwama siku ile. Nilipiga honi mahali hapo bila sababu yoyote. Loishiye, aliyekuwa anachunga ng'ombe wake ukingoni, alinyoosha fimbo juu kama ametufungia goli.

Ijumaa, 4 Oktoba

Fimbo moja tu. Fremu imebaki nyumbani.

Jumanne, 8 Oktoba

Magreth alimtembeza ukumbi mzima kisha akasema, "Mama, sina cha kukuzuia."

Jumapili, 13 Oktoba

Mavuno. Kanisa limejaa maboga, ndizi, kuku waliofungwa miguu, mahindi ya kuning'inia. Tulifika kwa gari letu, Loishiye akiwa kiti cha mbele kwa mara ya kwanza, amejipulizia manukato.

Walipoanza kupeleka matoleo, Magdalena alimpa Nashilu fimbo. Akainua kikapu cha kahawa mbivu, nyekundu, alizochuma mwenyewe jana akiwa ameketi kwenye kigoda. Nilinyanyuka nimfuate. Loishiye akanivuta koti. "Kaa, Mwalimu. Hili halihitaji maelezo."

Wapiga tarumbeta walikuwa wamefika ubeti wa mwisho naye hajafika nusu ya njia. Kiongozi wao alimtazama, akainua mkono, wakaurudia. Wakaurudia tena. Watu wakaanza kusimama benchi kwa benchi kadiri alivyopita. Alifika, akainama polepole, akakiweka kikapu chini, akanyooka bila kushikwa. Tarumbeta zilipasua paa. Mchungaji alisahau kuketisha watu.

Kwenye mnada wa nje kikapu kile kiligombewa mpaka dalali akapoteza sauti, na Loishiye ndiye aliyekichukua. Yeye ana kahawa yake ekari mbili.

Baadaye Nashilu aliniita. Katika usharika wetu kuna magari manne ya aina hii, na yote yamefumiwa vitambaa. "Mwalimu, tuandikie tangazo, lisomwe sasa hivi kabla watu hawajatawanyika."

Niliandika kurasa mbili, nikianza na namna joto linavyosafiri. Magdalena alizisoma akiwa amesimama, mkono mmoja kiunoni, akaomba kalamu, akakata kuanzia juu hadi akabakiza mstari mmoja chini kabisa. Huo ndio uliosomwa, na sina cha kuongeza:

Leo, ukifika nyumbani, fungua mlango wa nyuma wa gari lako, tafuta tundu la hewa pembeni mwa kiti, na uondoe kila kitu kinacholiziba.